Kabla hujasema nguvukazi imepungua, soma maelezo ya chini ya jedwali

Kuna grafu moja niliwahi kuichora mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Niliambiwa nionyeshe nguvukazi (yaani wenye ajira pamoja na wanaoitafuta) ya nchi fulani imebadilikaje kwa miaka kumi na kitu, nikashusha mafaili ya tafiti za kaya, nikabandika namba kwenye Excel, mstari ukapanda vizuri halafu ghafla ukaporomoka. Mi nikafurahi kabisa, nikaona hapa kuna stori, nikaandika aya mbili nzima eti watu wamekata tamaa na kazi. Bosi akasoma akaniuliza swali moja tu, "Sasa hawa watu wote wameenda wapi?"

Kumbe hawajaenda popote. Kilichobadilika ni tafsiri ya nani ahesabiwe ana ajira.

Iko hivi. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba ajira ihesabiwe ile kazi ya malipo au faida tu. Kabla ya hapo, kwa utaratibu wa 1982, mtu anayelima chakula cha kuliwa nyumbani kwake aliweza kuhesabiwa ana ajira. Sasa chukua mama mmoja, jembe lilelile, shamba lilelile, anaamka saa ileile, kwenye utafiti wa zamani yumo, kwenye mpya kama hauzi mazao na wala hatafuti kazi basi hayumo kwenye nguvukazi kabisa. Zidisha huyo mama kwa vijiji vyote vya nchi ya wakulima ndo utaelewa mstari wangu ulianguka kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndo mkubwa kuliko yote, soma dodoso na maelezo ya chini kabla hujagusa namba. Angalia umri pia. Marekani mpaka 1966 walikuwa wanahesabu kuanzia miaka 14, toka 1967 wakahamia 16, na 1994 wakabadilisha dodoso lenyewe. Nchi zingine zinaanzia 15, zingine zinaweka kikomo cha juu 64, zingine hazina. Ukiunganisha bila kuangalia unapima rula, hupimi watu.

Pili, usitegemee idadi peke yake. Watu wakiongezeka nguvukazi nayo inaweza kupanda hata kama hakuna jipya, so weka pembeni kiwango cha ushiriki, yaani nguvukazi gawanya kwa watu wote wenye umri wa kufanya kazi. Marekani kiwango hicho kilifika asilimia 67.3 mwanzoni mwa 2000 kikaanza kushuka, wakati idadi yenyewe ya watu walio kwenye nguvukazi iliendelea kukua, ukitazama idadi tu hilo hulioni.

Na hapa kuna mtego naupenda sana kuwaonyesha wageni. Chukua watu 100, 60 wanafanya kazi, 10 wanatafuta. Nguvukazi ni 70, ukosefu wa ajira (wanaotafuta gawanya kwa nguvukazi) kama asilimia 14.3. Wanne kati ya wale kumi wakichoka wakaacha kutafuta, nguvukazi inakuwa 66 na ukosefu wa ajira unashuka mpaka 9.1. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi, ila kwenye taarifa inasomeka kama habari njema! (Na huyo anayefanya kazi, saa moja tu ya kulipwa ndani ya wiki inatosha kuhesabiwa, usije ukashangaa.)

Mengine ni madogo ila yanauma. Linganisha robo mwaka na robo ileile, maana msimu wa mavuno sio sawa na kiangazi. Sensa mpya ikitoka, uliza kama namba za nyuma nazo zilirekebishwa. Na zile namba za Shirika la Kazi zisizo na pengo hata mwaka mmoja, angalia kama zimeandikwa makadirio, coz nchi nyingi hazifanyi utafiti kila mwaka na ile miaka ya katikati inajazwa na modeli.

Siku hizi mimi tafsiri ikibadilika naukata mstari. Naacha nafasi nyeupe, naandika mwaka na sababu pembeni, na kama nchi imetoa hesabu kwa tafsiri zote mbili naweka mistari miwili ipishane kidogo pale kati. Grafu inakuwa mbaya kweli, kila mara kuna mtu anasema niiunganishe ipendeze. Siiunganishi.