Jibu: Kutembea na kamera Mji wa Kale, Mombasa, bila mtu wa kukutembeza

Ndugu, umeuliza mengi kwa mpigo. Watoka Nairobi na treni, una alasiri moja na siku nzima ya pili, una kamera moja na simu, na wataka kupiga picha majengo ya zama za Wareno, Waomani na Waingereza bila kukodi mtembeza wageni. Waogopa kuibiwa, waogopa kugombezwa, na mwisho ukaulizia droni. Mimi ni mzaliwa wa kisiwani na mitaa hii nimeipiga picha tangu enzi za filamu, kwa hivyo nitakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Kubwa kuliko yote: usipange matembezi yako kwa orodha ya majengo. Panga kwa jua. Wageni wengi hufika Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, saa nne, wakazunguka ndani, wakatoka saa sita kuingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Wakati huo jua liko utosini. Kuta za chokaa zinawaka, milango yote iko gizani, na picha zote zinatoka na sehemu mbili tu, nyeupe na nyeusi. Halafu mtu anasema Mji wa Kale haupigiki. Unapigika sana, ila Mombasa tuko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta na jua la huku halina subira. Likichomoza hupanda wima, na ule mwanga laini wa rangi ya asali hukaa muda mfupi tu kisha umekwisha. Usiutumie muda huo kutafuta maegesho wala kununua chai.

Treni ya asubuhi itakushusha Miritini mchana, na Miritini iko bara, mbali kidogo na kisiwa. Lala kisiwani, karibu na Mji wa Kale kadiri mfuko unavyoruhusu. Alasiri ile ya kwanza itumie mji wa Waingereza, na alfajiri ya pili uwe ufukweni.

Mji wa Waingereza nitaupitia haraka. Anzia Treasury Square kama saa kumi. Mombasa ilikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905, na ndiyo maana majengo haya ya kiofisi yamejibana mahali pamoja: hazina ya zamani, benki, na mahakama ya zamani ya mwaka 1902 hapo karibu na Fort Jesus. Kwenye bustani kuna sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara Mhindi ambaye maduka yake yalifuatana na reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 kuelekea Uganda. Fuata Nkrumah Road hadi kanisa kuu la Kianglikana. Lina kuba na matao ya Kiarabu, na mtu akilitazama kwa mbali hulidhani msikiti. Hilo kwangu ni jengo la kukaa nalo, kwa sababu waliolijenga waliamua kuzungumza kwa sura ya mji walioukuta. Kabla jua halijazama rudi Fort Jesus, usimame nje kwenye kuta za upande wa nchi kavu. Jua la jioni hulipiga jiwe likawa na rangi ya udongo wa chungu.

Sasa asubuhi. Saa kumi na mbili uwe tayari mlangoni. Lakini kama umelala chumba chenye kiyoyozi, itoe kamera mapema na uiache ndani ya begi nusu saa nje ya baridi ile. Unyevu wa pwani ukikutana na lenzi baridi, kioo kinafunga ukungu, na ukikifuta kinafunga tena. Wengi wamepoteza mapambazuko kwa jambo hilo.

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa na unatazama mkono wa bahari wa Tudor, hivyo jua la kwanza linapiga moja kwa moja kuta zilizo majini. Nenda Leven House. Jengo limechukua jina la meli ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyetangaza ulinzi wa Uingereza juu ya Mombasa mwaka 1824 kwa ombi la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliokuwa wakivutana na Sultani wa Oman. Ulinzi ule ulikufa mwaka 1826. Ngazi za hapo zinashuka hadi majini, na mwanga wa asubuhi unazipanda polepole kutoka chini. Kaa, ngoja, piga. Upande wa Bandari ya Kale penyewe, palipo majahazi, uliza walinzi kabla ya kutoa kamera. Wakikataa, usibishane.

Jua likishapanda juu ya mapaa, ingia Ndia Kuu. Barabara hii inakwenda takriban kaskazini na kusini, na hapo ndipo utaona faida ya kupanga kwa jua. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu mwanga unaruka paa za upande wa bahari na kutua kwenye roshani za upande wa pili. Alasiri mambo yanageuka. Kila upande una zamu yake, na ile ya asubuhi ndiyo tamu zaidi, kwa kuwa ukuta mweupe unaopigwa na jua unaurudisha mwanga kwenye ukuta ulio kivulini. Hata ndani ya kizingiti cha mlango unapata mwanga wa kutosha kuona kila mchongo. Ukitumia simu, gusa sehemu nyeupe kwenye skrini kisha ushushe mwangaza kidogo. Giza utaliinua baadaye, lakini chokaa iliyoungua hairudi.

Simama chini ya roshani moja utazame juu. Usipige bado. Utaona vigogo vilivyochomoza ukutani kuishika sakafu, kila kimoja kimekatwa ncha kwa mkunjo, na juu yake kuna uzio wa mbao zilizotobolewa kwa mapambo ili upepo upite na macho ya mtaani yasipite. Rangi imebanduka tabaka kwa tabaka: kijani juu, samawati chini yake, halafu mbao tupu iliyokauka na kupasuka kwa chumvi. Mafundi na wafanyabiashara kutoka India walichangia sana sura hii mwishoni mwa karne ya 19. Lakini ukuta ulioshikilia roshani ile ni wa matumbawe na chokaa, na dari za ndani ni boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ukilijua hilo, picha yako ya roshani inakuwa ya watu watatu au wanne waliopita mahali pamoja kwa nyakati tofauti.

Milango usiipige yote. Chagua miwili mitatu. Angalia mfaa, ule mti wa kati unaofunika maungio ya mbao mbili, na kizingiti cha juu, ambacho mara nyingine kina maandishi ya Kiarabu. Sogea karibu. Picha ya mlango mzima kila mtu anayo.

Kisha Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570 na bado watu wanasali humo. Mnara wake mnene chini na mwembamba juu unapigika vizuri ukiwa mbali, barabara ikiongoza jicho. Usiingie bila kukaribishwa, na usielekeze kamera kwa watu wanaotawadha au wanaotoka kuswali. Ijumaa kuanzia saa tano na nusu iache mitaa ya misikitini hadi swala imalizike.

Hapa ndipo lilipo jibu la hofu yako ya kugombezwa. Mji wa Kale watu wanaishi. Baraza unayoiona nje ya nyumba ni sebule ya mwenye nyumba. Nimeshuhudia mzee mmoja mtaa wa Kibokoni akimwambia kijana mwenye kamera kubwa: "Mwanangu, mlango umeupiga picha, mwenye mlango hujamwamkia." Alisema kwa upole kabisa. Kijana akarudi, akaamkia, akapewa kikombe cha kahawa tungu na kipande cha kashata, na baadaye akaruhusiwa kuupiga mlango ule kwa ndani, ambako mchongo ni tofauti. Salamu ya kweli, "sabalkheri mzee" au "shikamoo bibi", ukasimama kusikiliza jibu, itakufungulia zaidi ya lenzi yoyote. Wanawake usiwapige bila kuomba, na ukinyimwa, shukuru upite. Watoto watakuomba uwapige wenyewe. Muulize mzazi kwanza.

Muuza kahawa ukimkuta, nunua kwanza. Omba kupiga mikono yake: dele la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinavyogonganishwa kuita wateja. Asubuhi mvuke unaonekana ukiwa na kivuli nyuma yake.

Wizi? Mchana mitaa mikubwa haina shida. Kamera iwe na mkanda shingoni au kiganjani, na usiingie vichochoro vitupu usiku peke yako. Kinachogonga watu zaidi ni bodaboda na mikokoteni, maana mpiga picha hurudi nyuma bila kutazama. Vijana wa kutembeza wageni pale nje ya Fort Jesus watakufuata. Waambie "ahsante, natembea mwenyewe" na tabasamu. Wengine wao wanaijua historia vizuri sana, na kama una muda wa siku ya tatu, mlipe mmoja usikilize.

Saa sita, jua likiwa kali, ndipo uingie Fort Jesus. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa serikali, kwa hivyo simu iwe na chaji. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958, na ikawa makumbusho mwaka 1962. Ndani kuna vivuli, kuna vyumba, na kuna michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno. Na jua la utosi ambalo huko Ndia Kuu lilikuwa adui, hapa linakufaa: linashuka sambamba na ukuta na kuamsha kila kishimo cha matumbawe. Sogeza lenzi hadi karibu na jiwe. Utaona mistari iliyojipinda ya viumbe vya baharini, ukuta mzima ni bahari iliyokatwa matofali.

Ombi langu kwako, na ninalisema kwa uchungu: kila picha ya jengo iandikie mtaa na tarehe. Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria tangu miaka ya 1990, lakini nyumba bado zinakwenda. Kuna roshani niliyokuwa nikiipiga kila kaskazi. Mwenyewe akaibomoa akajenga ghorofa, na mafundi waliotaka kuijua ilivyoshikana wamebaki na picha zangu tu.

Kuhusu droni: bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, usirushe. Hata ukiwa na kibali, uani na juu ya mapaa ndiko wanawake wa nyumba wanakaa bila buibui, wakianika nguo na kupika. Nyumba zilijengwa hivyo makusudi. Vilevile usipige kivuko cha Likoni wala bandari ya Kilindini, utashikwa. Ukitaka picha ya kutoka juu, panda kuta za Fort Jesus kama saa kumi, lenzi ikielekea kaskazini. Utapata mapaa ya mabati yenye kutu na maji ya Tudor pembeni, na jua litakuwa kushoto kwako.