"Konokono bandia" ni konokono kweli

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kigoma. Shule yetu imepata sanduku la makombe ya bahari kwa ajili ya maabara. Moja lina kikaratasi kilichoandikwa Siphonaria pectinata (Linnaeus, 1758), na maelezo yake ya Kiingereza yanamwita mnyama huyo kwa jina lenye neno la "uongo" ndani yake, "false limpet". Nimetafsiri hivi: "Konokono bandia hii (Siphonaria pectinata) ina magamba yenye mistari, na mfereji upande wa kulia." Wenzangu wamegawanyika: wengine wanataka "konokono wa uongo", wengine "huyu" badala ya "hii", wengine wanasema ni ganda, si gamba. Naomba unisahihishie kabla sijabandika.

JIBU: Usibandike bado. Sentensi yako ina kosa moja la biolojia, na kosa hilo limeingizwa na neno la Kiswahili, kwa hiyo nitaanza nalo.

Tazama kazi ya "bandia". Noti bandia si noti. Meno bandia hayakuota mdomoni, na nywele bandia hazikuota kichwani. Kila linapokaa, neno hili huikana nomino iliyolitangulia, na aghalabu hudokeza kwamba kuna aliyekitengeneza kitu hicho. Mwanafunzi akisoma "konokono bandia" ataelewa kuwa mbele yake kuna kitu kisicho konokono, pengine kimefinyangwa kwa plasta. Siphonaria ni konokono mzima. Ana mguu mmoja mpana wa kutambalia, ana ulimi wenye safu za meno madogo anaokwangulia mwani kwenye mwamba, na yumo katika kundi la Gastropoda pamoja na konokono wote. "Wa uongo" haitufai pia. Tunasema shahidi wa uongo, nabii wa uongo: uongo unadai mwenye kusema na mwenye nia. Mnyama huyu hajamdanganya mtu.

Basi huo uongo wa jina la kigeni umetoka wapi? Baharini kuna konokono ambao gamba lao halikujisokota kama la konokono wa bustanini, bali limeinuka kama kofia, na mnyama amejibana chini yake juu ya mwamba. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina haya ya kisayansi, aliwaweka wengi wa namna hiyo katika jenasi moja (kundi la spishi za karibu), Patella, na huyu wetu akaitwa Patella pectinata. Neno pectinata limetoka kwenye Kilatini pecten, yaani chanuo, kwa sababu ya mbavu nyembamba zilizopangana kutoka kileleni hadi ukingoni. Baadaye, katika miaka ya 1820, Sowerby wa Uingereza aliunda jenasi Siphonaria kwa ajili ya wale ambao chini ya kofia wana mwili wa namna nyingine. Hiyo ndiyo maana ya mabano yanayolizunguka jina la Linnaeus. Si pambo: yanamwambia msomaji kwamba aliyeitaja spishi kwanza aliiweka katika jenasi tofauti na ya sasa. Ukiyafuta kwa kudhani unasafisha maandishi, umefuta habari. Jenasi uianze kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, na yote mawili uyalaze, yaani uyaandike kwa herufi za mlazo. Jina la mtu na mwaka usiyalaze.

Tofauti ya mwili ni hii. Konokono wa kofia wa kweli, yaani jamaa wa Patella, huvuta pumzi kwa matamvua. Siphonaria ana uwazi mwilini unaofanya kazi ya pafu, wenye tundu upande wa kulia, pale ulipo mfereji wa gamba. Maji yakipwa, huvuta hewa. Kwa nasaba, basi, huyu wa mwambani yuko karibu zaidi na konokono anayepanda mgomba baada ya mvua, hata na Biomphalaria, yule wa kichocho cha matumbo anayejulikana sana na watu wa afya mikoa hii, kuliko alivyo karibu na Patella aliyeshikamana na mwamba huohuo hatua moja pembeni. Umbo la kofia limetokea zaidi ya mara moja. Hata katika maji baridi ya Afrika kuna konokono wa kofia wa milimita chache, jenasi Ferrissia na Burnupia, nao pia si wa ukoo wa Patella.

Watu wa Kigoma mna mfano wa nyumbani wa jambo hili. Tiphobia horei, konokono wa Ziwa Tanganyika mwenye miiba mirefu, alielezwa na Edgar Smith mwaka 1880 na kupewa jina la Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji. Makombe ya ziwa lenu yalifanana mno na ya bahari, hata wataalamu wengine wa wakati huo wakaamini kuwa ziwa liliwahi kuungana na bahari. Haikuwa hivyo, maumbo hayo yalitokea katika maji baridi. Wala hatumwiti Tiphobia "konokono bandia wa bahari". Tunamtaja kwa alivyo.

Nami ndivyo ninavyopendekeza kwa Siphonaria. Kwanza waulize watu wa Pwani wanaookota chaza maji yakipwa. Ukipata jina lao la konokono wa kofia, na ukahakikisha kuwa wanalitumia kwa mnyama huyo na si kwa mwingine, lishike hilo. Usipolipata, tumia "konokono-kofia" kwa wote wenye umbo hilo, na huyu awe "konokono-kofia wa pafu". Kofia inataja umbo tu, haidai undugu, na pafu linataja kile hasa kinachomtenga. Mtu angeweza kusema "konokono-msonge", na sura ya nyumba ya msonge inavutia kweli, lakini msonge una duara chini, ilhali ukingo wa gamba hili una umbo la yai.

Sasa "hii" au "huyu". Neno ngeli hapa lina mitego miwili, maana mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili wanalitumia kwa mambo tofauti. Ngeli ya biolojia ya konokono ni Gastropoda. Ngeli yake ya sarufi ni A-WA, kwa kuwa ni kiumbe hai: konokono huyu, konokono hawa, konokono anatambaa. Wenzako wa "huyu" wamesema kweli. Ila ukianza na neno spishi, upatanisho ni wa I-ZI: spishi hii inapatikana. Waandishi wengi huanza na "spishi hii" kisha sentensi ya pili wakarukia "anakula" bila kumtaja konokono, na msomaji akabaki anamtafuta nani anakula. Mtaje tena mnyama, au tumia hu- ya mazoea, ambayo haibebi kiambishi cha nafsi: huishi, hukwangua, hushikamana.

Kuhusu gamba, hapa inafaa tukae kidogo. Ganda ni la mmea na la yai: maganda ya karanga, ganda la ndizi. Gamba ni la mnyama: gamba la kobe, gamba la konokono. Kaka ni kile kitupu, mwenyewe ameshatoka: kaka la yai. Chini ya Ziwa Tanganyika kuna sehemu zilizotandikwa makaka ya Neothauma tanganyicense, na samaki wadogo hutaga na kujificha ndani yake. Hapo "makaka" ndilo neno. Kombe ni neno zuri la gamba la bahari lililookotwa na kuwekwa mezani, ila lina kazi nyingi, toka kombe la mashindano hadi kombe la kunywa lenye maandishi ya dawa, kwa hiyo katika maelezo ya viungo gamba ni salama zaidi.

Lakini liwe gamba, si magamba. Mwanafunzi wa Kigoma akisikia "magamba" anaona samaki anayepaliwa pale Kibirizi, vipande vinavyoruka chini ya kisu. Siphonaria ana gamba moja tu. Tena hajivui kama nyoka: hulikuza kwa kuongeza chokaa ukingoni, na ndiyo maana kuna mistari ya ukuaji inayozunguka na kukatiza mbavu. Kwa sababu ni chokaa, usilisafishe kwa siki wala ndimu. Litatoa mapovu, na mbavu unazotaka kuwaonyesha wanafunzi zitalika. Maji na mswaki laini vinatosha.

Limebaki "upande wa kulia", na hapa wengi hukosea wakiwa na gamba mkononi. Liweke kilele juu, mfereji ukiwa mkono wako wa kulia: sehemu iliyo mbali nawe ndiko kichwa kilikokuwa. Sasa ligeuze kama unavyogeuza ukurasa, kichwa kikibaki mbali nawe, uone ndani. Mfereji umehamia kushoto kwako! Mwanafunzi anayetazama ndani akisoma "upande wa kulia" atautafuta pasipo. Kiswahili kinalitatua kwa neno moja: upande wake wa kulia, yaani wa mnyama.

Ukiwa umeligeuza, lowesha ndani kwa tone la maji na ulielekeze dirishani. Utaona kovu la msuli, alama iliyopinda kama kiatu cha farasi, mahali mnyama alipokuwa amejishikiza. Kwa Patella pengo la kiatu hicho liko mbele, kwenye kichwa. Kwa Siphonaria liko kwenye mfereji, upande wake wa kulia. Hiyo ndiyo alama ya kuamini. Nje, mahali pa mfereji huweza kuwa na ubavu mnene kidogo au ukingo uliotokeza, ila kwa pectinata dalili hiyo huweza kuwa hafifu, na rangi peke yake isikuhukumie. Urefu, upana na kimo upime mwenyewe kwa milimita, usinakili vya kitabuni. Na kama kikaratasi kinataja Florida, jina ni la zamani: wa huko siku hizi wametengwa, wanaitwa Siphonaria naufragum.

Neno la mwisho la kutazama ni "maji kupwa na kujaa". Ziwani kwenu maji hupanda na kushuka kwa misimu na miaka, si kila siku kama baharini, kwa hiyo lieleze darasani kabla hawajasoma kikaratasi. Hiki hapa kimesahihishwa:

"Konokono-kofia wa pafu, Siphonaria pectinata (Linnaeus, 1758). Familia: Siphonariidae. Konokono huyu wa bahari huishi kwenye miamba ya maji kupwa na kujaa, mashariki mwa Atlantiki na katika Mediterania. Gamba lake ni moja, lina umbo la kofia na ukingo wa umbo la yai. Nje lina mbavu nyingi nyembamba na mistari ya kahawia inayoshuka kutoka kileleni. Ndani, upande wake wa kulia, mfereji unakatiza kovu la msuli. Hapo ndipo hewa hupita kuelekea kwenye pafu."