Mtambo wa upepo unaoelea utashikwa na nini penye mwamba?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa ujenzi, na nimekulia Tanga kwa wavuvi. Penye mwamba, nanga ya babu ama huteleza ama hunasa mpaka kamba ikatwe. Sasa mtambo mkubwa wa upepo unaoelea baharini, ukiwa juu ya mwamba, utashikwa na nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako amekwisha kukuonyesha tatizo lenyewe. Nanga ya makucha hushika kwa kujizika kwenye mchanga au tope, na nanga za aina hiyo ndizo zinazoshikilia WindFloat Atlantic, shamba la mitambo ya upepo inayoelea kule Ureno. Hywind Scotland, shamba jingine la aina hiyo kule Uskoti lililoanza kazi 2017 na mitambo mitano, inatumia mapipa makubwa ya chuma yaliyo wazi chini: pipa likitua, maji ya ndani hunyonywa kwa pampu nalo huzama kwenye udongo. Penye mwamba makucha hayazami, na ukingo wa pipa hauzibi, kwa hiyo maji yanarudi ndani.

Unaweza kutumia uzito, lakini piga hesabu kwanza. Bonge la zege la tani 1,000 likiwa baharini hubaki na kama tani 570, kwa sababu maji yanalibeba. Ukichukua msuguano wa 0.5, yaani nusu ya uzito uliobaki, litahimili mvuto wa ulalo wa tani 285 hivi, kabla hujaweka akiba ya usalama. Mnyororo ukivuta kwenda juu kidogo tu, hata hizo zinapungua.

Mimi napendelea kuchimba. Unatoboa mwamba, unashusha bomba la chuma, kisha unapampu uji wa saruji kuanzia chini ya shimo mpaka ujae. Ufaransa walichimba mwamba wa bahari kusimika nguzo za shamba la upepo la Saint-Nazaire, lenye mitambo 80. Ile haielei, lakini kazi ya keekee inafanana. Tofauti ni kwamba nguzo ya nanga ya mtambo unaoelea, yaani lile bomba, huvutwa na kulegezwa na kila wimbi, miaka nenda miaka rudi, na kinachoizuia isichomoke ni mshiko wa saruji kwenye ukuta wa shimo. Vumbi la keekee likiganda pale, saruji itashika vumbi badala ya mwamba. Osha shimo mpaka maji yatoke safi, na usimwachie mtu mwingine kazi ya kuhakikisha.

Tena usiliamini neno "mwamba" kwenye ramani. Fungua sanduku la sampuli za mwamba zilizochimbwa, pima vipande vizima vyenye urefu wa zaidi ya sentimita 10, jumlisha, gawanya kwa urefu wote uliochimbwa. Ukipata zaidi ya asilimia 75, mwamba ni mzuri. Chini ya 25 umevunjikavunjika, na shimo linaweza kubomoka hata kabla ya bomba kushuka. Fanya hivyo kwa kila nanga, maana mwamba hubadilika ndani ya hatua chache.

Na kabla ya yote hayo, tazama kama ukisogeza nanga kidogo utapata mchanga wa kina cha kutosha. Minyororo ya mtambo mmoja si lazima ilingane urefu.