Mkague kichanga mbele ya mama yake

Miaka yangu ya mwanzo wodi ya wazazi nilikuwa nambeba kichanga hadi meza ya pembeni, namkagua, namrudisha kwa mama yake. "Mtoto hajambo. Ukiona manjano mlete. Umeelewa?" Wote waliitikia, "Ndiyo, nesi."

Mmoja wao alirudi siku ya 5. Mtoto alikuwa wa manjano hadi nyayo, amelegea, hataki ziwa. Mama alikuwa amekaa chumbani, mapazia yamefungwa kama mama mkwe alivyoagiza, akitazama mashavu tu. Manjano nilikuwa nimemtajia, sikumwonyesha yanapotazamwa. Mtoto aliwekwa chini ya taa za bluu akapona, lakini uso wa yule mama sijausahau.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi, mkagueni mtoto palepale kitandani kwa mama. Anza na kupumua, kabla hujamshika akalia. Mama aweke dakika 1 kwenye simu, ahesabu tumbo linavyopanda. Iwe dakika nzima, kwa sababu kichanga hupumua mbiombio, husita kidogo, kisha huendelea. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha, utakosea. Akiwa ametulia, 30 hadi 59 ni sawa. Ikifika 60, hesabuni tena. Ikibaki hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni hospitali, usiku au mchana.

Manjano yatazameni dirishani. Bonyeza ncha ya pua, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kwa ngozi yetu nyeusi, angalia pia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano ya ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, hayatibiwi kwa kumwanika mtoto juani.

Utosi, kitovu, mgongo na njia ya haja kubwa, mwonyeshe vyote mkono wako unapopita.

Na "umeelewa?" liache kabisa. Mimi husema: "Mama, bibi yake akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?" Hapo ndipo palipopinda panaonekana. Bora zaidi, bibi mwenyewe awepo, maana nyumbani neno lake ndilo linalofuatwa. Wiki iliyopita mmoja alinisikiliza kimya, akamchukua mjukuu wake, akasogea dirishani na kumbonyeza pua mwenyewe.