Malisho ya kijiji yamegawiwa bila mkutano

Ndugu yangu wa Mbagala, unasema mwenyekiti wa kijiji chenu kampa mgeni eneo la malisho na wazee hawakuitwa. Acha kwanza kugombana naye kwenye simu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mzee mmoja wa huko aende kwa mtendaji wa kijiji, aombe kuona muhtasari wa mkutano huo, hasa karatasi ya mahudhurio. Sisi kwetu tuliikuta ina sahihi ya baba mdogo, na tulishamzika! Muhtasari ukikosekana, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa diwani, mbaki na moja iliyogongwa muhuri. Wewe tuma nauli tu; wasaini wanaoishi kule.