Maswali Yenu: Blogu ndiyo kazi, kodi ya nyumba haisubiri

SWALI: Naishi Masasi, blogu ya kilimo ndiyo kazi yangu pekee. Mwezi mmoja naingiza laki nne, mwingine patupu. Nipangeje?

JIBU: Huenda mwezi huo si mtupu. AdSense, huduma ya Google inayokulipa kwa matangazo yanayotokea kwenye blogu, hailipi hadi salio lifike dola 100; likiishia 94 linahamia mwezi unaofuata. Likitimia, malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, kisha ongeza siku za benki. Kwa hiyo mwombe mwenye nyumba kodi iwe tarehe 30, si tarehe mosi.

Jumlisha mapato ya miezi sita, gawa kwa sita. Yakiwa 1,200,000, wastani ni 200,000. Jilipe 150,000 tu, bando likiwemo humohumo. Zinazobaki zikae akaunti nyingine, isiwe ya simu, maana huko zinayeyuka.

Tena usitegemee dola peke yake. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na wenye maduka ya mabati na pikipiki wanatafuta wateja. Wafuate Septemba, wauzie tangazo la miezi mitatu, nusu ya malipo mkononi kabla hujaliweka. Ukienda Februari, hela ya korosho imeshakuwa mabati.