Nyimbo za anime za kukimbilia asubuhi

Mkuu, umesema umemaliza kutazama Naruto na unataka nyimbo za anime (katuni za Kijapani) zenye moto, za kukimbilia asubuhi. Anza na "Guren no Yumiya" ya Linked Horizon, kutoka Attack on Titan (2013): ngoma, kwaya, unajikuta unakimbia kama unafukuzwa. Halafu "Gurenge" ya LiSA, Demon Slayer, 2019. Ukipenda matarumbeta, ipo "Tank!" ya Seatbelts, ya Cowboy Bebop (1998). Ni jazi, karibu haina maneno, ila kwangu hakuna inayoifikia.

Tafuta matoleo kamili, maana ya kwenye runinga ni kama sekunde 90 tu. Video za nyimbo hizi usiangalie kabla ya anime yenyewe, huwa zinafichua mambo. Na barabarani acha sikio moja wazi, bodaboda hazisubiri kiitikio kiishe.